Gari Haliwaki: Lugha ya Kutambua Ubovu wa Stata katika Magari ya Zamani ya Pwani ya Bagamoyo

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyotumika kutambua ubovu wa stata katika magari ya zamani, hasa Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, katika Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam. Inadaiwa hapa kwamba maneno ya gereji si orodha ya majina ya vipuri yaliyokopwa tu, bali ni mfumo wa uchunguzi unaotegemea vitenzi, kauli za vitenzi na viigizi vya sauti. Inadaiwa pia kwamba mtunzi wa istilahi asiyeujua mfumo huo anaweza kuunda neno linalopendeza machoni na kupoteza upambanuzi ambao fundi anauhitaji.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili ina historia ndefu nchini Tanzania. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 Baraza lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na mwaka 1990 Taasisi ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Taasisi yenyewe ilikoma kuitwa hivyo mwaka 2009, ilipoingizwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, lakini njia ya kazi haikubadilika sana: istilahi huanzia katika kitabu, aghalabu cha Kiingereza, na kutafutiwa kisawe.

Njia hiyo ina manufaa yake pale ambapo dhana haijawahi kutajwa kwa Kiswahili. Ina kasoro kubwa pale ambapo dhana imekuwa ikitajwa kwa Kiswahili kila siku kwa zaidi ya nusu karne, ila haikutajwa darasani. Gereji ni mahali pa namna hiyo. Katika barabara itokayo Mwenge kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo, kazi za fundi umeme wa magari hufanyika kwa Kiswahili kuanzia salamu hadi malipo. Mwanafunzi wa gereji hufundishwa kwa Kiswahili, hukosolewa kwa Kiswahili, na mteja huelezwa kwa Kiswahili kwa nini anadaiwa. Lugha hiyo haina kitabu.

Stata imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ubovu wake husikika kabla haujaonekana, kwa hiyo mteja hulazimika kuusimulia, na fundi hulazimika kuuliza. Pili, kosa la kuutambua ni ghali. Mmiliki wa Land Rover ya zamani anayeambiwa kwamba stata imekufa hulipa nauli ya kwenda Gerezani au Kariakoo, hununua stata nyingine, mara nyingi iliyokwisha kutumika, huifunga, kisha hukuta gari liko vilevile. Ubovu ulikuwa katika waya mmoja uliooza kwa chumvi.

2.0 Kifaa na majina yake

Stata ya umeme ilianza kutumika katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kutokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa hendeli. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilitoka kiwandani ikiwa na vyote viwili, na toleo la Series IIA, lililotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971, liliendelea kuwa na tundu la hendeli mbele ya rejeta. Ndiyo sababu katika Kiswahili cha mafundi wazee hendeli na stata ni majirani wa karibu: vyote viwili hupigwa.

Kazi ya stata ni moja tu, nayo ni kuizungusha injini mpaka iweze kujizungusha yenyewe. Katika Land Rover za petroli za miaka hiyo stata ya Lucas ilikuwa ya aina ya kurusha kigia: amecha inapoanza kuzunguka kwa ghafla, kigia hubaki nyuma kwa uzito wake, hupanda juu ya parafujo iliyochongwa katika ekseli ya amecha, na kuyashika meno ya flaiwili. Injini ikiwaka, flaiwili hukisukuma kigia hicho kirudi kwake. Mtambo huu mdogo ndio uitwao bendeksi, jina la Mmarekani Vincent Bendix lililokwisha kuwa nomino ya kawaida, kama yalivyofanya majina mengi ya watengenezaji katika lugha za dunia. Solenoidi, ambayo ni swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku, katika magari haya aghalabu haikukaa juu ya stata bali ilifungwa kando, katika ukuta unaotenganisha injini na abiria. Jambo hili litakuwa na umuhimu hapa chini.

Orodha iliyobaki ni fupi: betri, teminali, waya mkubwa wa betri, ethi, swichi, koili, bushi, na brashi za kaboni, ambazo kwa kawaida huitwa kaboni tu. Karibu zote zimetoka Kiingereza na kufuata kanuni za silabi za Kiswahili. Kwa mwanaisimu anayetafuta maneno ya kukopa, kazi ingeishia hapa. Hata hivyo, orodha hiyo haimwezeshi mtu yeyote kulitengeneza gari. Anayezijua nomino zote hizo bila kujua vitenzi vinavyoandamana nazo ni sawa na mtu anayejua majina ya viungo vya mwili na kudhani amekuwa tabibu.

3.0 Waka na piga

Mteja anapofika gereji, kauli yake ya kwanza huwa ni (1):

(1) Gari haliwaki.

Kitenzi waka kimechukuliwa kutoka katika uwanja wa moto: kuni huwaka, taa huwaka, na gari huwaka. Kwa gari la petroli sitiari hii iko karibu sana na ukweli, kwa kuwa ndani ya injini kuna mwako halisi. Utata wa (1) ni kwamba inataja matokeo yaliyokosekana bila kutaja hatua iliyoshindikana. Gari linaweza kutowaka kwa sababu injini haizunguki, na linaweza kutowaka ingawa injini inazunguka vizuri kabisa, kwa kukosa petroli au cheche. Hizi ni familia mbili za ubovu zisizohusiana. Stata ni mtuhumiwa katika ya kwanza tu.

Upambanuzi huo Kiswahili hukifanya kwa kitenzi piga:

(2) a. Gari halipigi stata.
    b. Gari linapiga stata lakini haliwaki.

Katika mazungumzo ya gereji sentensi hizi husikika zaidi kwa upatanisho wa I-ZI, yaani haipigi, inapiga, haiwaki. Jambo hili halitajadiliwa hapa, ila lisichukuliwe kuwa ni ushahidi wa kutojua lugha.

Piga ni kitenzi kinachojulikana kwa wepesi wake wa maana. Katika piga simu, piga pasi na piga picha hakuna kipigo. Yambwa ndiyo inayobeba maana. Inaelekea kwamba piga stata ilifuata njia ya piga hendeli, ambapo kulikuwa na nguvu za mkono na hatari ya kweli, kwa maana hendeli ikirudi nyuma huweza kuuvunja mkono. Kinachovutia zaidi ni kiima. Katika (2a) kiima ni gari, wala si dereva. Tunaweza kusema dereva amepiga stata, lakini tunaposema kwamba gari halipigi, tumekwisha kumwondolea dereva lawama na kuipeleka kwenye mtambo. Fundi mzoefu hulisikia jambo hili. Mteja anayesema nilipiga stata sana jana anatoa habari tofauti na yule anayesema gari halikupiga stata jana, na yule wa kwanza huenda ndiye aliyeiunguza.

Mazungumzo yafuatayo yametungwa ili kuonyesha mpangilio wa maswali. Mteja ni mtu mzima, fundi ni kijana:

(3) Fundi: Shikamoo mzee.
    Mteja: Marahaba, fundi. Gari haliwaki.
    Fundi: Haliwaki vipi, mzee? Stata inapiga?
    Mteja: Inalia tu.
    Fundi: Inalia vipi?
    Mteja: Ta! Basi, kimya.
    Fundi: Mara moja au tatatata?
    Mteja: Mara moja.
    Fundi: Na taa je, mzee? Zinafifia?

Katika zamu tano fundi ameiacha nusu ya injini nje ya uchunguzi, amepata kipimo cha sauti, na ameanza kutafuta kipimo cha pili. Hajafungua boneti. Heshima ya mazungumzo nayo ina kazi: haliwaki vipi, mzee si kumbishia mkubwa, bali ni kumwomba asimulie upya, na neno mzee ndilo linaloliondolea swali ukali.

4.0 Viigizi kama vipimo

Sarufi za Kiswahili zimevitaja vielezi viigizi kwa uchache, na mifano yake imekuwa ni ya chubwi na tuli, yaani maneno ya kupamba masimulizi. Katika gereji viigizi havipambi. Vinapima. Seti inayotumika kwa stata ina wanachama wachache wanaopingana kimaana, kama fonimu zinavyopingana. Matamshi yenyewe hubadilika kutoka kwa mtu hadi mtu. Kisichobadilika ni sifa tatu: je, sauti ni moja au inarudiwa, ni fupi au inaburutwa, ni nzito au nyembamba.

Sauti moja fupi, ta, inamaanisha kwamba solenoidi imevuta lakini stata haikuzunguka. Umeme mdogo wa swichi umefika. Umeme mkubwa ama haukupita au umepita bila kufanya kazi. Hapo ndipo swali la taa linapoingia. Taa kubwa zikiwashwa kabla ya kupiga stata na zikabaki na mwanga uleule, umeme mkubwa haupiti: vituo vya ndani ya solenoidi vimeungua, au kaboni zimekwisha na hazigusi tena shaba ya amecha. Taa zikififia sana, umeme unavutwa lakini kazi haionekani: huenda kigia kimekwama katika meno ya flaiwili, huenda koili zina shoti, au betri yenyewe ni dhaifu. Taa zikizimika kabisa na kurudi ufunguo unapoachiwa, teminali za betri ndizo za kutazamwa kwanza.

Sauti inayorudiwa upesi, tatatata, ina maelezo yake. Solenoidi inavuta, mara tu umeme mkubwa unapotakiwa, volti za betri zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Mzunguko huu hujirudia mara kadhaa katika sekunde moja. Chanzo chake karibu kila mara ni betri isiyo na chaji au teminali iliyolegea au kuota kutu, mara chache sana stata. Kwa hiyo tofauti kati ya ta na tatatata, ambayo kwa sikio la mgeni ni tofauti ya wingi tu, ndiyo inayoamua kama stata itafunguliwa au haitafunguliwa. Kurudufishwa kwa silabi hapa hakuoneshi msisitizo. Kunaonesha ubovu mwingine.

Sauti nzito inayoburutwa, nguu, nguu, nguu, ni ya injini inayozunguka kwa taabu. Sauti nyembamba, ziii, ni ya stata inayozunguka peke yake. Sauti ya kukwaruza, krrr, ni ya meno yanayosagana. Na kimya ni kimya, nacho ni jibu pia: umeme haukufika hata kwenye solenoidi.

Katika Land Rover ya petroli mahali sauti inapotoka pana maana sawa na sauti yenyewe. Kwa kuwa solenoidi imefungwa ukutani, ta ikitoka ukutani ni ya solenoidi, na ikitoka chini, ubavuni mwa injini, ni ya kigia kinachogonga flaiwili. Baadhi ya solenoidi za Lucas zilikuwa na kitufe cha mpira kwa nyuma: kikibonyezwa kwa kidole, vituo vikubwa hukutana bila msaada wa swichi. Stata ikipiga kwa kitufe na isipige kwa ufunguo, ubovu uko kwenye swichi au waya wake mwembamba. Kipimo hiki hakihitaji mita wala bisibisi, ila kinahitaji gia iwe frii na breki ya mkono iwe imevutwa, kwa kuwa gari lililo kwenye gia litakwenda.

5.0 Zunguka na zungusha: kauli za vitenzi

Pahala ambapo sarufi ya Kiswahili inamsaidia fundi kuliko pengine popote ni katika mnyambuliko. Tazama (4):

(4) a. Stata haizunguki.
    b. Stata inazunguka lakini haizungushi.

Sentensi (4b) ina maneno manne tu, na ni utambuzi uliokamilika. Kauli ya kutenda, zunguka, inaithibitisha betri, waya, solenoidi, kaboni na amecha kwa pamoja. Kauli ya kutendesha ikikanushwa, haizungushi, inaupeleka ubovu kwenye bendeksi au meno ya flaiwili, kwa sababu hicho ndicho kiungo pekee kati ya kuzunguka na kuzungusha. 

Sababu ya (4b) katika magari ya pwani mara nyingi ni ndogo. Vumbi na mafuta hugandamana juu ya parafujo ya bendeksi, kigia kikashindwa kupanda. Dawa yake ni kuosha kwa mafuta ya taa na kuacha pakavu. Mwanafunzi mwenye bidii aongezaye grisi ili kilainike hurejesha ubovu uleule baada ya wiki chache, kwa kuwa grisi hukamata vumbi. Upande wa pili wa ubovu huo ni kigia kilichopanda kikashindwa kurudi, na hapo kitenzi ni kwama, chenye kiambishi cha hali ya kudumu kama katika inama na shikama: bendeksi imekwama. Hutatuliwa kwa kuweka gia ya juu na kulitikisa gari mbele na nyuma, au kwa kuizungusha kwa spana ncha ya mraba iliyoko mwishoni mwa ekseli ya stata, chini ya kifuniko chake kidogo.

Kauli za kutendeka na kutendwa nazo zina siasa yake:

(5) a. Waya umekatika.
    b. Waya umekatwa.
    c. Stata imeungua.
    d. Stata imeunguzwa.

Katika (5a) na (5c) hakuna mtu. Katika (5b) na (5d) yupo, ingawa hakutajwa. Fundi anayesema stata imeunguzwa amesema kwamba kuna mtu aliyeshikilia ufunguo kupita kiasi. Stata hutengenezwa kwa kazi ya sekunde chache, na kuishikilia zaidi ya sekunde 10 bila kuipumzisha ni kuichoma. Kwa mmiliki aliyemkabidhi dereva gari, kiambishi hicho kimoja kinaweza kuwa mwisho wa ajira ya mtu. Haishangazi kwamba madereva husisitiza imeungua. Mafundi waangalifu nao hubaki na imeungua hadi wafungue na kuona: amecha iliyoungua kwa kushikiliwa hubadilika rangi na kunuka mahali pote, ilhali bushi zikiisha, amecha hulegea na kujisugua kwenye chuma kinachoizunguka, ikaacha michubuko upande mmoja. Huo wa pili ni uzee, na hauna wa kulaumiwa.

Kuhusu njeo, inatosha kutaja hu-. Mteja anayesema asubuhi hupiga, ikipata moto haipigi ameeleza ubovu wa joto: upinzani wa waya za koili huongezeka zinapopata moto, na bushi zilizoisha hukaba. Anayesema jioni hupiga, asubuhi haipigi ameeleza betri inayovuja umeme usiku au isiyotunza chaji. Katika nchi za baridi malalamiko ya asubuhi huelekezwa kwenye baridi. Pwani ya Bagamoyo haina baridi ya kuidhoofisha betri; joto ndilo linaloizeesha upesi na kukausha maji yake.

6.0 Ethi

Neno moja katika orodha linahitaji kutazamwa kwa makini kwa kuwa lina maana tatu, na maana hizo zikichanganywa huleta hasara. Ethi ni, kwanza, mkanda au waya unaoiunganisha betri na bodi, na bodi na injini. Pili, hutumika kwa maana ya upande hasi wa betri. Tatu, katika waya umepiga ethi, ni ubovu: waya uliochubuka na kugusa bodi.

Maana ya pili si sahihi kwa magari yote. Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi ziliunganishwa kinyume: upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Katika gari la namna hiyo ethi ni chanya. Fundi kijana aliyejifunzia kwenye magari ya Kijapani, ambayo kwake ethi na hasi ni neno moja, akifunga altaneta au redio kwa kufuata neno badala ya gari ataviunguza. Stata haitamwonya, kwani mota ya aina hii huzunguka upande uleule hata nyaya zikigeuzwa. Hapa kosa halitokani na ujinga wa umeme. Linatokana na kufanya visawe maneno mawili ambayo si visawe.

Maana ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi pwani. Umeme unaokwenda kwenye stata lazima urudi, na njia ya kurudi ni ethi. Upepo wa bahari katika mji ulio jirani na mashamba ya chumvi huipaka shaba kutu ya kijani na kuila teminali kwa ndani, mahali pasipoonekana. Lugha ya kawaida haisaidii hapa, kwa kuwa husema umeme haufiki, na kumfanya mtu atazame njia ya kwenda tu. Mafundi wazuri husema pia umeme haurudi, na tofauti ya fika na rudi ndiyo inayowaokolea wateja gharama.

Kuna hoja inayosikika mara kwa mara kwa wateja: taa zinawaka, kwa hiyo betri na waya ni vizima. Hesabu yake inastahili kuoneshwa. Chukua teminali yenye kutu iliyoongeza upinzani wa omu 0.01 tu. Taa kubwa mbili zinazovuta ampea 8 zitapoteza volti 0.08, na jicho halitagundua. Stata inayovuta ampea 200 itapoteza volti 2 papo hapo, kutoka katika betri ambayo ikiwa imejaa ina volti 12.6 na ambayo tayari imeshuka kwa mzigo. Teminali ni ileile, na majibu ni mawili. Njia ya kuhakikisha ni kuweka ncha moja ya mita kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye nguzo ya betri yenyewe, si kwenye kibanio chake, kisha mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Pasipo na mita, waya mnene wa kubusti ukiunganishwa kutoka nguzo ya betri ya upande wa bodi hadi injini hutoa jibu lilelile: stata ikichangamka, iache mahali pake. Ncha ya mwisho ifungwe kwenye injini, mbali na betri, kwa maana gesi itokayo katika betri inayochajiwa hulipuka kwa cheche.

Marekebisho ni kufungua, kupangusa shaba mpaka ing'ae, kukaza na kupaka grisi juu yake. Ni kazi ya nusu saa. Ikilinganishwa na safari ya Gerezani, tofauti ya gharama haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Makurunge anayelitegemea gari lake kupeleka wagonjwa na magunia.

7.0 Swali la istilahi

Kutokana na yaliyotangulia, na tujaribu kujiweka katika nafasi ya mtunzi wa istilahi anayetaka kuiondoa stata katika lugha kwa kuwa ni neno la kigeni. Kitenzi kilicho karibu naye ni washa, na kwa kanuni za uundaji atapata kiwashi au kiwashio. Neno litapendeza: ni la Kibantu, ni fupi, linaeleweka bila maelezo. Nalo litakuwa kosa. Stata haiwashi, inazungusha. Kinachowasha ni cheche ya plagi, na katika dizeli ni joto la hewa iliyobanwa. Neno kiwashi litaunganisha tena familia mbili za ubovu ambazo (2a) na (2b) zimezitenganisha, na mwanafunzi atakayelisoma kitabuni atarudi kwenye utata wa mteja katika (1). Kizungushi lingekuwa neno la kweli zaidi, ingawa hakuna fundi aliyelihitaji.

Mwansoko, aliyeandika sana juu ya usanifishaji wa istilahi katika miaka ya 1990, alisisitiza umuhimu wa kukubalika kwa istilahi kwa watumiaji wake. Mfano wa stata unadai jambo la ziada: watumiaji wanaweza kulikubali neno, na bado likawadhuru, iwapo limekata uhusiano kati ya nomino na vitenzi vyake.

Wanaoona aibu kwa wingi wa maneno ya Kiingereza katika gereji wangefaa kutembea hatua chache hadi ufukweni Bagamoyo. Fundi wa majahazi anayetia kalafati anatumia neno lililokopwa, na hakuna kikao kilichowahi kuliidhinisha. Leo ni Kiswahili safi cha Kimrima na cha kamusi. Bendeksi na solenoidi ni vijana zaidi tu.

Suala lililo zito ni la mtihani. Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, mafundi wa gereji wamekuwa na njia ya kupata vyeti. Kijana aliyekulia chini ya mwembe kando ya barabara ya Bagamoyo, anayeweza kusema inazunguka lakini haizungushi na akawa sahihi, hufika mbele ya maswali yanayomtaka ataje sehemu za stata. Atazitaja baadhi, kwa matamshi ya gereji. Alichobobea ni kusikiliza, kuuliza na kupambanua, na kwa hicho hakuna swali lililoandikwa. Kwa watunzi wa mitihani, hatua ya kwanza isiyo na gharama ni kubadili aina ya swali: badala ya taja, liwe mteja anasema hivi, wewe utamuuliza nini? Majibu yake yatakusanya, mwaka hadi mwaka, msamiati ambao hakuna kamati ingeweza kuubuni. Kabla ya hapo inabidi kurekodi mazungumzo ya gereji yenyewe, kwa sauti na si kwa maandishi tu, kwa kuwa tofauti ya ta na tatatata hupotea mara inapoingizwa katika fomu yenye kisanduku kimoja kilichoandikwa sauti. Mafundi waliozijua Land Rover hizi zikiwa mpya sasa ni wazee, na wanafunzi wao wengi wamehamia kwenye magari ambayo ubovu wake husomwa katika kioo cha kompyuta.